Jina la Tovuti ya Fundi Viatu

Fundi hakuwa na duka kwenye barabara kuu. Hakuwa na gari, hakuwa na cheti cha ufundi cha kutundika ukutani, wala hakuwa na subira na mashine yoyote isiyopitisha uzi. Alikuwa na mikono yake, mke mcheshi, na tovuti.

Alishona viatu vya watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Wateja wake wengi waliishi mbali. Waliuweka mguu juu ya karatasi, wakauchora, kisha wakatuma picha ya mchoro kupitia tovuti. Kila asubuhi mke wake alisoma vipimo kwa sauti, naye Fundi akakata soli.

Wiki moja michoro ikakoma.

"Labda watu wote wamepona miguu," mke alisema.

"Usinitanie, mke wangu. Bila michoro hatuna kazi."

Mke alifungua tovuti kwenye simu. Picha za viatu hazikuwapo. Palikuwa na ukurasa mweupe na maneno machache: muda wa jina hili umekwisha.

Siku hiyohiyo ikaja barua yenye muhuri mwekundu. Ilisema: lipa kwetu leo, la sivyo utapoteza jina la tovuti yako.

"Umeona?" Fundi alisema. "Hawa ni watu wa maana. Wameandika kwenye karatasi."

Fundi hakuwahi kulipa kitu chochote kabla ya kutoa nakala ya hati yake. Akaipeleka barua kwenye steshenari ya jirani. Mwenye steshenari, dada aliyesomea kompyuta, aliisoma mara mbili.

"Baba, hawa unawafahamu?"

"Wao wananifahamu. Jina langu hili hapa."

"Kuona jina la tovuti na tarehe ya mwisho wake si kazi ngumu. Wapo wanaovizia majina yaliyokwisha muda, kisha wakawatisha wenye majina hayo. Wewe ulisajili jina lako wapi?"

"Sikusajili popote. Tovuti ni zawadi ya mkwe wangu. Ni yangu."

"Tovuti ni yako, baba. Lakini jina lake ni kama chumba cha kupanga. Unalilipia kwa muda kwenye kampuni ya usajili. Muda ukiisha, unalihuisha, yaani unalipia muda mwingine."

"Mbona hawakunikumbusha?"

Wakampigia mkwe simu.

"Nililipia miaka mitano kwa mpigo, baba," mkwe alisema. "Niliandikisha barua pepe ya kazini kwangu kwa zamani. Ile kazi niliiacha, na anwani ikafungwa. Nisamehe sana."

"Wala usijali, mwanangu. Zawadi ya miaka mitano si mchezo."

Mkwe akataja kampuni aliyotumia. Haikuwa ile ya barua. Dada akatafuta kumbukumbu za usajili kwenye kompyuta.

"Muda uliisha siku ishirini na sita zilizopita, ila tovuti wameizima wiki hii tu. Kampuni yenu inatoa siku thelathini za kuhuisha kwa ada ya kawaida. Zikipita, mtalikomboa kwa ada kubwa. Mkichelewa zaidi, jina linaachiwa, na yeyote anaweza kulichukua."

"Hata muuza ndala?"

"Hata muuza ndala."

Fundi akavua kofia. "Basi piga simu, mwanangu. Piga upesi."

Dada hakutumia namba ya kwenye ile barua. Alitafuta namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Karani akaeleza njia ya kulipa, na Fundi akalipa palepale.

"Kubadili anwani ya taarifa," karani aliongeza, "tunahitaji barua yenye sahihi, pamoja na nakala ya leseni ya biashara."

Tovuti haikurudi papo hapo. Dada alisema habari huchukua saa kadhaa kuenea mtandaoni. Kesho yake asubuhi, mke alipiga kelele jikoni.

"Michoro tisa! Na mmoja wa mtoto! Njoo uone kisigino, kama kijiko cha chai!"

Fundi alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi.

Baadaye waliketi steshenari kuandika barua.

"Tuweke barua pepe yangu," Fundi alisema.

Mke akacheka. "Ile ambayo hujaifungua tangu mjukuu azaliwe? Mjukuu sasa anakimbia!"

"Wekeni mbili, yako na ya mama," dada alisema. "Na tutawasha malipo ya moja kwa moja, ada ikatwe yenyewe benki kila muda ukiisha. Hata hivyo andikeni tarehe kwenye kalenda, kwa sababu kadi ya benki nayo huisha muda."

Fundi akaandika kwa mkono wake, polepole. Mke akasoma juu ya bega lake: *Taarifa zote zifike kwanza kwa mke wangu, ambaye huamka kabla yangu na husoma kila kitu.*

Mke akaugusa mstari huo kwa kidole. "Hayo ya kuamka hawajayauliza."

"Wajue tu."

Wote wawili wakatia sahihi. Fundi akatia barua na nakala ya leseni ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi ya viatu, akaikandamiza kwa kidole gumba. Mke akaichukua, akavuka barabara, akaikabidhi kwenye dirisha la posta.