Bukta ya Bata Ina Rangi Gani?

Haya, sogeeni, sogeeni! Mkeka unatosha.

Mwenye miguu mirefu aikunje. Mwenye kamasi apenge kwanza. Tayari?

Huyu ni Tunu. Watoto wote anaocheza nao mtaani kwao, kule Tabora, ni wakubwa kuliko yeye.

Kila jioni watoto wanakwenda kwa Bibi Sikudhani. Wanavua ndala mlangoni. "Hodi, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Sogeeni, sogeeni! Mkeka unatosha."

Bibi Sikudhani ana TV. Ni ya zamani sana, tena nene kama gunia la mpunga.

Haina rangi. Wala haina sauti. Lakini ina katuni ya Bata Bukta!

Bata Bukta ni bata anayevaa bukta. Mjuaji huyo! Kila siku anajitia kujua, na kila siku anatumbukia majini.

Kwa kuwa TV haina sauti, watoto wanaitilia sauti wenyewe.

Mashaka, mkubwa wao, ndiye mdomo wa Bata. "Kwa-kwa-kwa!"

Kulwa na Doto ni mapacha. Kulwa ni miguu ya Bata. "Chapa-chapa-chapa!" Doto ni upepo. "Vuuuu!"

Na Tunu? Tunu ana sauti moja tu. Anaingoja mpaka mwisho, Bata anapotumbukia.

"PWAA!"

Ni moja tu, lakini ni tamu kuliko zote. Ukibisha, muulize Tunu.

Jioni moja, Bata Bukta alipanda tangi la maji. Tangi refu! Refu, refu, refu!

"Chapa-chapa-chapa," akapanda Kulwa. Watoto wakainua shingo. Midomo wazi. Hata Bibi akaacha kuchambua mchele.

Mara ngazi ikaanguka. Maskini, Bata amebaki juu peke yake.

"Vuuuu," akavuma Doto, polepole.

Tunu akajaza pumzi mashavuni. Pwaa inakuja. Inakuja...

Pyuu! TV ikazimika.

Fundi Mrisho akaitwa. Akaifungua TV, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Bibi, hii basi tena. Imekwisha."

Akatoa vyuma vyote vya ndani, pamoja na kioo. Likabaki boksi tupu, lenye dirisha mbele.

Tunu akalia. Alilia kweli, si mchezo. "Na Bata je? Nani atamshusha?"

Na ile pwaa ya Tunu ilikuwa bado imekaa tumboni. Hata uji haukupita vizuri.

"Mnalia nini?" akasema Bibi Sikudhani. "Mikono si mnayo? Njooni kesho asubuhi. Mtamshusha wenyewe."

Asubuhi kulikuwa na baridi. Mama akamvika Tunu gauni jekundu. Juu ya gauni, sweta ya njano. Juu ya sweta ya njano, sweta ya bluu. Tunu akawa duara.

"Hodi, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Sogeeni, sogeeni! Mkeka unatosha."

Bibi alikuwa ametoa kalenda zake za zamani. Mbele zina tarehe. Nyuma ni nyeupe pe! Bibi Sikudhani hatupi kitu, na leo watoto wamejua kwa nini.

"Kila mtu achore ukurasa wake," akasema Bibi. "Kisha nitazishona kurasa zote. Kitakuwa kitabu cha katuni."

Kitabu cha katuni! Chao wenyewe! Watoto wakatazamana.

Wakalala kifudifudi, wakachora. Kwaru-kwaru-kwaru, zikalia penseli za rangi.

Bata wa Mashaka alikuwa na shingo ndefu. Wa Kulwa alikuwa na miguu mikubwa. Wa Doto alipeperuka manyoya yote.

Kisha wakaziweka karatasi pamoja. Loo! Kukazuka kasheshe.

"Bukta ya Bata ni nyekundu!" akasema Mashaka.

"Ni ya kijani!" akasema Kulwa.

"Ni ya njano!" akasema Doto. "Nimeiona kwa macho yangu!"

Umeiona wapi wewe, Doto? TV haikuwa na rangi!

Mnaona mambo hayo? Siku zote wamekaa mkeka mmoja, wakitazama bata mmoja. Na kila mtu ameiona bukta kwa rangi yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake.

"Basi, naondoka na karatasi yangu," akasema Mashaka.

"Na mimi na yangu," akasema Kulwa. Doto naye akainuka, kanuna.

Moyo wa Tunu ukaruka. Karatasi zikiondoka, hakuna kitabu. Bila kitabu, Bata atakaa juu ya tangi milele!

Tunu akasikia joto. Akavua sweta ya bluu. Ndani, sweta ya njano. Akavua na hiyo. Ndani, gauni jekundu.

Akazitazama sweta zake. Akawatazama mabata kwenye karatasi.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Amezivaa zote!"

"Nani?" akauliza Mashaka, mguu mmoja kwenye ndala.

"Bata! Amezivaa bukta zote. Moja juu ya nyingine!"

Watoto wakafikiri.

"Ndiyo maana nyuma kumetuna vile," akasema Kulwa.

Wakacheka! Walicheka mpaka Doto akashika mbavu. Mashaka akavua ndala, akarudi mkekani.

"Sasa avue," akasema Tunu. "Avue moja moja, azifunge pamoja. Iwe kamba."

"Kamba ya bukta!" akasema Mashaka. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa mshangao. "Tunu, wewe umeyatoa wapi haya?"

Tunu akaonyesha sweta zake.

Kwaru-kwaru-kwaru! Wakachora mpaka penseli zikabaki vipande.

Jioni ikafika. Mtaa mzima ukaja kwa Bibi Sikudhani, na mama zao, na Fundi Mrisho. Mlangoni ndala zilikuwa kichuguu.

"Sogeeni, sogeeni! Mkeka unatosha."

Lile boksi tupu lilikuwa pale pale juu ya meza. Bibi akaenda nyuma yake. Akaweka ukurasa wa kwanza kwenye dirisha. Akawasha tochi.

Lo! Lo! Lo!

Rangi! Bluu ya mbingu. Kijani cha majani. Bata mweupe pe, na bukta nyekundu inawaka!

Mtoto mchanga wa jirani aliacha kulia, akakodoa macho.

Bibi Sikudhani akachungulia mbele. Akashika shavu. "Jamani! Miaka yote hii. TV yangu ina rangi!"

"Kwa-kwa-kwa!" akaanza Mashaka. Bata akavua bukta nyekundu. Chini yake, ya kijani!

"Aaaah!" wakasema watu wote.

Akavua ya kijani. Chini yake, ya njano! "Aaaah!" Chini yake, ya bluu! "Aaaah!"

Akavua na ya bluu, akazifunga zote nne pamoja. Ya tano, ya mwisho kabisa, akabaki nayo. Adabu ni adabu, hata kwa bata.

"Vuuuu," akavuma Doto. Kamba ikayumba. "Chapa... chapa... chapa," akateremka Kulwa.

Salaale! Kamba imepungua! Imepungua bukta moja tu!

Bata ananing'inia. Chini kuna nini? Bibi akaweka ukurasa wa mwisho. Huo aliuchora Tunu.

Kulikuwa na beseni la kufulia. Kubwa! Limejaa maji na mapovu!

Mashaka akanyamaza. Kulwa akanyamaza. Doto akazuia upepo. Watu wote wakamgeukia mdogo wao.

Tunu akajaza pumzi mashavuni. Pwaa ikaja. Ikaja. Ikaja...

"PWAAAAA!"

Ilikuwa kubwa, ikatoka mpaka barabarani. Mtaa mzima ukapiga makofi. Bata yuko chini! Yuko salama, na mapovu kichwani!

Bibi Sikudhani akachukua sindano na uzi mweusi. Akazishona kurasa, chwi, chwi, chwi. Kikawa kitabu.

"Leo kinalala kwa nani?" akauliza.

"Kwa Tunu," akasema Mashaka. "Kesho kwetu."

Sasa Tunu yuko kitandani, kitabu kifuani. Mama anafungua ukurasa wa mwisho.

"Mwanangu, hii bukta aliyobaki nayo hukuitia rangi. Umesahau?"

"Sijasahau, Mama," anasema Tunu. Macho yanafumba. "Nimeiacha. Kila mtu aione kwa rangi yake."

Mama anaitazama bukta nyeupe. Anaitazama kwa muda mrefu, anatabasamu. Kisha anazima taa.

Na wewe je, ukifumba macho? Bukta ya Bata ina rangi gani?