Karibu ya Mashine ya Nne

Lilikuwa neno moja tu, tena la adabu: Karibu. Tatizo ni kwamba Oliva alikuwa hajabisha hodi.

Alikuwa Newala, nyumbani kwake, kompyuta iko juu ya meza ya chakula. Seva anayoihudumia ilikuwa bondeni Masasi, kwenye kampuni ya korosho, ndani ya stoo ya zamani iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Ilikuwa kompyuta moja ya Linux, na fundi Basil alikuwa amejenga ndani yake kompyuta tatu zisizo na mwili, zile wanazoziita mashine pepe. Oliva huziingia kwa mbali, kwa nywila, na kila moja ikishamkubali huandika Karibu. Basil ndiye aliyeliweka neno hilo. Alisema mashine isiyokaribisha watu haina malezi.

Oliva hakufanya kazi nyumbani kwa kupenda starehe. Mwanawe Erasto, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema, alikuwa na kifua kibovu, na ametoka kulazwa juzi juzi. Bosi wake, Bwana Cuthbert, alikubali kwa shingo upande. "Siku mashine zikikushinda huko juu," alimwambia, "unashuka Masasi. Mtoto utajua mwenyewe wa kumwachia."

Na mtandao wa Newala, jamani, acha tu. Tangu biashara ya simu ifunguliwe kwa kampuni binafsi, kila kampuni ya simu imesimika mnara wake, kila mnara na rangi yake, na ukungu ukitanda yote inanyamaza kama imekula kiapo. Asubuhi hiyo Oliva alikuwa ameunganisha na kukatika mpaka machozi ya hasira yanamlenga. Safari hii hata nywila hajaandika, kioo kikamjibu: Karibu. Akakata, akaunganisha upya.

Karibu, Mama Erasto.

Akampigia Basil simu.

"Shikamoo, Mama Erasto."

"Marahaba. Basil, utani wako sina muda nao leo. Nani amekwambia uandike jina langu?"

"Jina gani? Mimi niliandika Karibu, basi."

"Na hii mashine ya nne umeijenga lini?"

"Ziko tatu, dada."

"Naziona nne. Ya nne haina diski wala kumbukumbu, na bado inafanya kazi."

"Basi izime."

Aliizima, ikawaka. Akaifuta kabisa, ikarudi, na iliporudi chumba kilinuka moshi wa maganda ya korosho, ule unaowasha macho, na msimu wa korosho bado uko mbali. Oliva alifungua dirisha, ukaingia ukungu mtupu. Alikasirika kabla ya kuogopa. Aliipiga meza kofi akaitukana mashine, na kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia.

Erasto alikuwa kwenye mkeka, anachezea kifuniko cha sufuria. Walikuwa na mchezo wao, yeye na mama yake: Oliva akitoka jikoni hugonga ukuta na kusema hodi, naye mtoto hujibu "Kaibu," kwa sababu r bado inamshinda, na wote wawili hucheka. Sasa kwenye kioo, bila mkono wa mtu kugusa kibodi, herufi zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayeandika anasikiliza kwanza kama kuna mtu ndani, h, kisha o, kisha d, mpaka neno likatimia na kujirudia mstari baada ya mstari, hodi, hodi, hodi, wala Oliva hakusikia sauti yoyote, ila Erasto, asiyejua kusoma hata herufi moja, aliacha kifuniko chake, akainua kichwa kuelekea mezani, akatabasamu kama mtu aliyesikia anayemfahamu.

"Kaibu," akasema.

Herufi zikakoma. Oliva alimkwapua mtoto, akakimbilia uani.

Oliva alimtumia Basil ujumbe kuhusu zile hodi; mchana Basil alipiga mwenyewe, sauti chini. Alikuwa ndani ya stoo na Bi Swaumu, mganga wa Masasi, mama asiyependa kupotezewa muda. Simu aliiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Ni mashine gani hizi?" aliuliza Bi Swaumu.

"Pepe, bibi."

"Pepo."

"Hapana, pepe."

"Mwanangu, nimekusikia. Stoo hii ilipofunguliwa, nani alibisha hodi?"

"Hakuna. Tulivunja kufuli."

"Mkaingia kwake, huyo anayekaa humu, bila hodi, kisha mkaandika karibu mlangoni. Mgeni huulizwa jina kwanza. Wewe umemkaribisha usiyemjua."

Oliva alisikia kikohozi, dua, Basil akilalamika kwa kunong'ona kwamba ubani utaua feni za seva. Bi Swaumu akamwambia afute lile neno, asibakize hata herufi, kisha ang'oe waya wa umeme. Seva ikavuma, ikalia kama mtu anayevuta pumzi, ikanyamaza.

"Huku ametoka," alisema Bi Swaumu. "Huko juu je? Alipobisha, ulimjibu?"

"Sikumjibu," Oliva alisema upesi. Na kweli yeye hakujibu.

"Basi shukuru Mungu. Hana mlango mwingine."

Basil alipoiwasha tena, mashine zilikuwa tatu, kimya, zinaomba nywila tu. Oliva alituma taarifa, na Bwana Cuthbert akajibu kwamba sawa, abaki hukohuko Newala. Alicheka peke yake kwa nafuu. Hata kifua cha Erasto kilikuwa kimetulia, hakikoromi tena hata kidogo.

Akaenda jikoni kukoroga uji. Aliporudi na kikombe, alisimama mlangoni, akagonga ukuta kama kawaida yao.

"Hodi, baba."

Mtoto alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, amempa mgongo. Chumba kilinuka maganda ya korosho.

"Karibu, Mama Erasto," alisema, na ile r ilitoka safi kabisa.