Nyayo za Kuazima

Kiatu kilifumbua kinywa chake taratibu, kikaumeza mguu wa Zaituni hadi kwenye kifundo, kisha kikafumba. Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la kiatu kilichoachwa juani, bali joto la kwapa, la kitu chenye damu. Kitu chororo kilipenya katikati ya vidole vyake, kikavisukuma huku na huku, kikavipanga kimoja kimoja kama mtu anayepanga dagaa kwenye kijiti.

"Kinakupima, mama mhandisi," alisema Bwana Kihiyo, mwenye duka. "Usikivute. Kipe nafasi kikuzoee."

Zaituni Shemweta hakuwa mtu wa kutapikatapika. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia chini ya jiji la Tanga, akiyaongoza majitopo, zile mashine ndefu zinazotambaa ndani ya mifereji na kula uchafu. Alishawahi kufukuliwa kutoka kwenye tope la majitaka akiwa hai, na jioni ile ile akala wali kwa maharage. Lakini pale dukani, kwenye kiti cha heshima, mate yalimjaa mdomoni na ikambidi ameze.

Dukani humo viatu havikushonwa. Vilipandwa. Kila kimoja kiliitwa kiatuhai, na Bwana Kihiyo alipenda kueleza habari zake kama baba anayewasifia wanawe. Soli ilikuwa ngozi nene iliyo hai, yenye mishipa midogo ya damu. Ikichanika, hujiponya yenyewe. Kiatuhai hula jasho la mvaaji na ngozi yake iliyokufa, na jioni hunywa kibakuli cha uji wa sukari. Ukikisugua kisigino hubadilika rangi, kikawa cheusi cha mazishini au cha dhahabu cha harusini. Hakimtoi mtu malengelenge, kwa kuwa chenyewe huhisi mahali kinapombana na kulegea kabla yeye hajajua.

"Na umbo lake litazame," alisema, akigeuza mguu wa Zaituni kuelekea kwenye kioo. "Hata mtu wa Milano atageuka kukutazama."

Ni kweli, kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Aliyemleta pale alikuwa mdogo wake, Sikudhani. Kwa miaka mingi ndugu hao wawili walikuwa wakiahidiana safari ya Ureno, kiangazi kizima, wapande na kushuka katika miji ya zamani ya mawe. Miji hiyo ilikuwa imepiga marufuku vyombo vyote vya moto na vya sumaku, hata vile viti vinavyoelea vya wazee. Huko, asiyetembea haoni kitu. Na Sikudhani hakuweza kutembea sawasawa. Kisukari kilikuwa kimemla mishipa ya fahamu ya miguu, na chini ya magoti kulikuwa na ganzi tupu. Alitembea akiwa ameinama, akizitazama nyayo zake, maana asipozitazama hakujua ziko wapi. Madaktari walimpa viatu vya plastiki vyenye kingo ndefu. Alivikataa. Alikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi, na alisema hatapigwa picha mbele ya makanisa ya watu akiwa amevaa ndoo.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya duka, ndani ya jozi ya rangi ya zambarau, na alikuwa ameacha kuongea. Uzi mwembamba ulitoka kwenye kila kiatu, ukapanda hadi juu ya goti na kuzama ngozini, mahali ambapo mishipa yake ilikuwa bado hai.

"Siku, vipi?" Zaituni aliuliza. "Vinakuuma?"

"Dada," alisema Sikudhani. Alikuwa akitazama mbele, si chini. "Sakafu ni baridi."

Akapiga hatua moja, kisha nyingine, akafika kwenye zulia na kusimama. Akalikanyagakanyaga. Akaanza kulia bila sauti, machozi yakimtiririka mashavuni, na akaendelea kulikanyaga lile zulia kama mtoto aliyepata dimbwi.

Baada ya kuona hayo, Zaituni angesema nini? Alikubali kununua jozi yake pia, ili wafanane safarini kama mdogo wake alivyotaka. Lakini mguu wake ulikuwa mpana, na mfupa umechomoza ubavuni kwenye kidole gumba, hivyo hakuna jozi ya dukani iliyomfaa. Bwana Kihiyo akamwambia yake itapandwa upya, na atamwita kitaluni kuja kuchagua mlezi.

"Mlezi ndiye nani?"

"Utamwona, mama. Wateja wetu wengi hupenda kuwaona."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Zaituni, maana waliishi nyumba moja. Kila jioni Sikudhani aliviweka viatu vyake barazani na kuvimiminia uji. Vilikunywa kwa kulamba. Zaituni aliisikia sauti hiyo akiwa jikoni, sauti ya ulimi usio na mtu, na chakula kikamshinda. Asubuhi moja alikuta kimoja kimejigeuza ubavu karibu na mlango, kimetandwa utando mweupe wa jasho. Alipokisogeza kwa ncha ya ufagio, kikajikunja kama unyayo uliotekenywa.

"Kinanichefua," alimwambia mdogo wake.

"Hata mimi nyau wako alinichefua, ukamfuga miaka kumi na miwili," Sikudhani alijibu. Alikuwa akipanda ngazi bila kushika ukuta.

Kitalu kilikuwa nje ya jiji, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge. Garisumaku la kampuni lilimshusha Zaituni mlangoni, na Bwana Kihiyo mwenyewe akampokea na kumvika barakoa. "Harufu yake ni ya kawaida tu," alisema. "Ila kwa mgeni huwa nzito kidogo."

Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoganda na soksi zilizolowa. Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye mwanga wa waridi, na kando zote mbili palikuwa na vitanda vilivyoinuliwa upande wa miguuni. Kwenye kila kitanda alilala mtu, mwanamume au mwanamke, amefunikwa shuka safi. Wengine walikuwa wakitazama tamthilia hewani. Mama mmoja alikuwa akifuma. Miguu yao ilitokeza nje ya shuka, na kwenye nyayo zao, kama uyoga kwenye gogo bovu, vilikuwa vimeota viatu.

Zaituni alisimama. Aliona kimoja kikiwa bado kidogo, ukubwa wa sikio, chekundu, chenye kunyweanywea. Aliona kingine kilichokomaa kikibanduliwa na mkono wa roboti, polepole, huku nyuzi nyeupe zikinyooka kati ya kiatu na unyayo na kukatika moja baada ya nyingine. Unyayo uliobaki chini yake ulikuwa laini na mweupe kama samaki aliyepaliwa magamba. Mwenye unyayo hakushtuka. Aligeuza tu kichwa na kuendelea kutazama tamthilia.

Bwana Kihiyo alikuwa akieleza. Ngozi peke yake hupandwa popote, alisema, hata kwenye chupa. Tatizo ni hisia. Mishipa ya fahamu iliyooteshwa kwenye chupa haijui kitu, huwezi kuifundisha tofauti ya mchanga na kokoto. Lazima ihamie kutoka kwa mtu aliyekwisha kutembea. Na wazuri kuliko wote ni wale waliokulia milimani wakitembea peku.

"Inahama," Zaituni alisema. "Kwa hiyo kwake inatoka."

"Kidogo kidogo. Na wanatunzwa vizuri, mama. Wamekubali wenyewe." Akasimama mbele ya kitanda kimoja. "Huyu ndiye tuliyekuchagulia. Ukimpenda."

Mwanamke aliyelala hapo alikuwa wa umri wa Zaituni. Aliketi, akajifunga kilemba vizuri, akamwamkia. Jina lake lilikuwa Mwanjaa, na alisema kwao ni Mlalo, huko milimani.

"Ndiye wewe mwenye mfupa uliochomoza?" aliuliza. "Waliniambia. Usijali, mwenzangu, mguu wangu ni mpana, nafasi ipo."

Zaituni aliuliza swali la kijinga, kama inauma.

"Hapana. Kungekuwa na maumivu ningefurahi. Huu wa kulia umekwisha." Mwanjaa aliuonyesha kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha kiti kilichovunjika. "Umetoa jozi nne. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilikanyaga kaa la moto jikoni. Nilijua kwa harufu. Nikawa nawauliza watoto, nani kaunguza nyama."

Alisema hivyo kwa utulivu, bila kutafuta huruma. Kisha akaongeza kwamba wa kushoto bado unajua vizuri na utatosha kuotesha jozi nzima, na kwamba alikuwa akichunga mbuzi tangu udogo, kwa hiyo Zaituni asiwe na wasiwasi juu ya mawe ya Ulaya. "Miguu yangu haitelezi. Utaona."

Zaituni alifika nje. Aliitoa barakoa, akashika nguzo ya geti, na akatapika kila alichokuwa nacho tumboni. Bwana Kihiyo alisimama kando akimshikia mkoba.

"Jozi yangu sitaki," alisema alipoweza. "Na ya mdogo wangu nitairudisha."

"Ya kwako tutaifuta, hakuna shida. Ya mdogo wako ukiirudisha itakufa kwa njaa, imekwisha kumzoea yeye. Na hisia hazimrudii mwenyewe, mama. Zikihama zimehama." Alisema kwa upole, akampa leso. "Utakuwa umeua kitu bure."

Zaituni alimsimulia Sikudhani kila kitu. Walikuwa mezani, na Sikudhani alikuwa akipunguza gauni la safari. Alisikiliza hadi mwisho, mikasi mkononi. Zaituni alitegemea kilio, au walau aibu.

"Yule mama anatembea anatazama chini?" Sikudhani aliuliza.

"Nadhani. Atakuwa hivyo."

"Kama mimi nilivyokuwa."

"Ndiyo, Siku. Sawasawa na ulivyokuwa."

Sikudhani alikata uzi. "Unataka niseme ningejua nisingevaa. Ningevaa, dada. Nisikudanganye." Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi: "Wewe hujawahi kukaa miaka tisa juu ya miguu isiyokuwepo. Usinitazame hivyo."

Lakini Zaituni hakuweza kuacha kumtazama hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, alimtazama mdogo wake na kuona kinyaa.

Walisafiri hata hivyo. Tiketi za chombo cha anga zilikwisha kukatwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mwenzake abaki. Zaituni alinunua raba za kitambaa, za kushonwa na mashine, zilizokufa tangu mwanzo. Joto la Ureno mwaka huo lilikuwa kali. Sikudhani alitangulia, mgongo umenyooka, gauni likipepea, akitelemka ngazi za mawe akiangalia madirisha na maua. Watu walimgeukia kweli. Zaituni alifuata nyuma akichechemea. Mfupa wa kidole gumba ulitoboa kitambaa, malengelenge yakapasuka, soksi zikagandamana na damu, na kila alipojifunga bendeji upya alijisifu moyoni kwamba maumivu yake ni yake mwenyewe, hakumbebesha mtu.

Walizungumza machache. Habari za maji, habari za dawa.

Alasiri moja, katika mji mdogo wa mlimani, Sikudhani alipitiwa na usingizi chumbani. Alikuwa ameviacha viatu vyake kwenye kivuli cha ua wa nyumba ya wageni, vimeachama. Zaituni alitoka kutafuta maji ya kuosha vidonda. Alikaa kwenye kizingiti, akavua raba, na harufu ya miguu yake mwenyewe, iliyoanza kuoza kidogo kwenye vidole, ikampanda puani. Alivitazama vile viatu kwa muda mrefu. Baadaye hakuweza kujieleza. Alijua tu kwamba alinyoosha mguu mmoja, kinywa kikapanuka kuupokea, mfupa na yote, kama vile kimetambua damu ya ndugu, kisha akanyoosha wa pili. Uzi ulipanda juu ya goti lake na kuzama, bila kuuma.

Maumivu yaliondoka kama taa iliyozimwa. Alisimama. Akahisi mawe ya ua, baridi yake, na katika kila jiwe mfuo uliochimbwa na magurudumu ya kale. Mahali penye ute wa maji unyayo ulijibana wenyewe na kushika, kabla yeye hajafikiri. Hakuwahi kutembea hivyo hata alipokuwa msichana. Huo ulikuwa ujuzi wa mtoto aliyekimbiza mbuzi kwenye majabali ya mahali fulani, Mlalo au kwingine, na sasa mtoto huyo hakuwa nao tena.

Alifika kwenye geti. Nia yake ilikuwa kugeuka hapo.

"Dada," Sikudhani aliita kutoka dirishani. Alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono yote miwili, akitazama chini ili ajue miguu yake iko wapi. "Unakwenda wapi navyo?"

Zaituni alitaka kujibu kwamba anavivua. Kinyaa kilikuwa palepale kooni, hakikupungua hata chembe, ila sasa hakikuwa cha kiatu wala cha mdogo wake.

"Narudi sasa hivi," alisema, akafungua geti, akashuka mtaani.