Chui wa Kwenye Kitako

Mnaosema ni uzushi, haya, semeni. Mimi nawasimulia ya Naftali, mchonga mbao wa kijiji cha Akheri, jirani yetu enzi za Mwingereza.

Asubuhi hiyo alikuwa barazani, amebana kitako cha bunduki kwa magoti. Bunduki ni ya mzungu mmoja mwindaji, ila aliyeibeba porini ni Mikaeli, mdogo wake Naftali. Chui alishachorwa kwa penseli. Patasi ikachimba pembeni mpaka mnyama akainuka: mgongo, mkia, kucha. Macho hakumpa. Baba yao, fundi kabla yake, aliwakataza: mnyama wa kwenye silaha hapewi macho. Akiona, atatoka.

Mikaeli alikuja kuichukua, akanuna. "Bwana hataki chui kipofu, kaka. Nitafukuzwa kazi."

"Bora afukuzwe," Kaanaeli, mke wa Naftali, alinong'ona.

Naftali akacheka. "Mkristo mzima nikaogope mti!" Akachonga macho mawili, akapaka mafuta ya kitani ya kung'arishia mbao. Asiyesikia la mkuu, jamani, mwajua wenyewe.

Alipokuwa akimkabidhi mdogo wake, akaona. Kichwa alichokichonga kikitazama mbele kilikuwa kimegeuka nyuma, kuelekea pale mlengaji anapoegemeza shavu. Akamwachia aende nayo. Aliona aibu, fundi mzima, kukiri woga.

Lakini hakutulia. Alikaa, akasimama. Alifagia palipofagiliwa. Adhuhuri haijafika, akatimua mbio kumfuata, njia ya kambi ya mzungu.

Migomba. Kahawa. Kisha msitu.

"Mikaeli!"



Bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye mti. Kitako kilikuwa laini, kama hakijawahi kuguswa na patasi. Kutoka hapo nyayo za chui zilielekea majanini, zinang'aa, zinanuka mafuta ya kitani. Kando yake ilikuwa kofia ya Mikaeli. Wanakijiji walimtafuta wiki nzima, wasipate hata kifungo cha shati.

Mzungu aliletewa mtutu peke yake. Kitako Naftali alikificha uvunguni, na siku ya tatu umbo likainuka lenyewe kwenye mti wake. Safari hii alikuwa mtu. Pua ya Mikaeli, masikio ya Mikaeli. Macho hakuwa nayo.

"Usimfungue macho," Kaanaeli alimsihi.

Ee, ndugu ni ndugu! Naftali akashika patasi huku analia. Jicho la kwanza lilipotimia, mlango uligongwa. Mara moja. Chini kabisa, karibu na sakafu.

Patasi ikamtoka mkononi. Hakufungua mlango, wala hakuchonga tena maisha yake yote.

Kitako hicho nimekishika mimi mwenyewe, miaka mingi baada ya kumzika Naftali. Jicho ni moja, na ukilipapasa, kidole kinatoka na mafuta.