Kopo la Hilda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Getrude aligeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja vya kuanikia vya mama yake, kando ya ziwa huko Liuli. Kisha alikaa kimya nusu saa pamoja na dada yake, Hilda.

Hilda alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa akijiandaa kwenda Uingereza kujitolea miaka miwili, kuwatunza watoto wenye ulemavu katika jumuiya ya Wakristo waitwao Wakweka, au Marafiki. Ibada yao haina nyimbo. Watu hukaa kimya mpaka mmoja apate neno la kusema. Tena hawaapi, kwa kuwa neno la mtu linapaswa kuwa kweli siku zote. Hilda alitaka kuuzoea ukimya huo. Pasi ya kusafiria alikuwa nayo, na sweta zito la mtumba alilinunua mnadani Mbinga. Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya.

Lakini kila walipokaa kimya, Hilda alikohoa.

Siku moja alirudi kutoka hospitali na kopo dogo. Nesi Serafina wa hapo alitaka makohozi ya asubuhi ili yapimwe kifua kikuu.

"Getrude, temea humu wewe," alinong'ona.

"Kwa nini, dada?"

"Kikohozi hiki ni cha moshi tu, lakini wakiniandika mgonjwa, safari imekufa. Ukimwambia mtu, wewe si mdogo wangu tena."

Getrude akatema. Majibu yakatoka safi, cheti kikaandikwa. Mama akaalika majirani, wakapiga vigelegele.

Tangu hapo Getrude alijiona kama yumo ndani ya wavu. Kila alikogeukia kulikuwa na uzi. Akisema, atamfungia dada njia. Akinyamaza, je? Darasani mwalimu alimwita mara mbili, hakusikia.

Jumapili, wakifua nguo, aliona damu kwenye leso ya Hilda.

"Dada, wale watoto utawabeba mikononi?"

"Nitawabeba, nitawalisha."

"Na kikohozi?"

Hilda alimpokonya leso. "Zimebaki siku tisa. Funga mdomo."

Kesho yake Getrude hakwenda shule. Mara tatu alifika kwenye lango la hospitali, mara tatu akarudi nyuma. Mara ya nne Nesi Serafina alimwona.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

"Kopo la dada Hilda... makohozi yalikuwa yangu."

Nesi hakufoka. Alimkalisha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda naye nyumbani.

Hilda alipimwa upya. Alikuwa na kifua kikuu. Familia nzima ilipimwa pia, na kwa bahati wengine walikuwa wazima. Wiki tatu Hilda hakumsemesha mdogo wake. Usiku walilala chumba kimoja kama wageni wawili. Getrude alilia, lakini alimsindikiza kila siku hospitali kumeza dawa.

Mwezi wa pili wa dawa kikohozi kilikoma. Hilda akaomba kalamu, akawaandikia Marafiki yote, pamoja na habari ya kopo. Jibu lilichelewa. Lilipokuja, alilisoma kwa sauti: "Tunashukuru kwa ukweli wako. Tibiwa kwanza. Ukipona, tuandikie, nafasi yako tunaitunza."

Alimaliza dawa baada ya miezi sita, akapimwa tena, akapata cheti cha kweli. Siku ya safari alimkumbatia Getrude kwa nguvu. "Nilikutia kwenye shimo langu, mdogo wangu. Nisamehe."

Gari lilipoondoka, Getrude alimgeukia Nesi Serafina, aliyekuja kuaga. "Nesi, mbona kusema kweli kuliniuma kuliko kudanganya?"

"Kwa sababu ulimpenda," nesi akajibu. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ukificha ugonjwa wa mtu, humlindi yeye, unaulinda ugonjwa. Anayekupenda hapaswi kukuomba ulinzi wa namna hiyo, na akikuomba, mpende zaidi: sema."