Mimbari Mahali pa Pipa

Rejeta ilipasuka saa nne asubuhi, katikati ya jangwa, na mvuke ukafunika kioo cha mbele hata dereva akasimamisha pikapu kwa kukisia tu. Wakateremka watatu: dereva mwenyewe, mwinjilisti aliyekuwa anakwenda kufungua kanisa jipya, na shangazi yake mwinjilisti, bibi wa miaka sabini mwenye goti bovu na ulimi mzima.

"Hakuna neno," alisema dereva. "Ufa nitauziba kwa gundi. Maji tunayo pipa zima huko nyuma."

Mwinjilisti akageuza uso. Alijua hakuna pipa.

Dereva huyu alikuwa na desturi yake: kabla ya safari hulizunguka gari, akapiga teke kila tairi, akaligonga pipa la maji kusikia kama limejaa. Asubuhi ile, dereva akiwa bado anakunywa chai, mwinjilisti alikuwa ameona mimbari mpya haitoshi nyuma ya gari. Ilikuwa mimbari ya mti mgumu, imechongwa msalaba mbele, naye alikuwa ameota mara nyingi akihubiri nyuma yake. Akaliteremsha pipa, akalisukuma nyuma ya jiko la kanisa, akapakia mimbari na kufunika turubai. Dereva alipokuja kuanza ukaguzi wake, mwinjilisti alimshika mkono. "Kaka, tumeshaomba. Kukagua baada ya sala ni kumkagua Mungu." Dereva wa watu akaona haya, akapanda.

Sasa dereva alifunua turubai, akakuta mimbari tu. Kisha akajishika kichwa.

"Nililifunga vibaya mimi. Litakuwa limeanguka kwenye lile korongo tuliloruka."

Pale ndipo mwinjilisti angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu shangazi alikuwa anamtazama, na kwa sababu mtu aliyezoea kuhubiri hajazoea kuungama.

"Labda," alisema.

Walikuwa na chupa mbili za maji. Dereva akachukua nusu chupa, akafunga shati kichwani, akarudi kwa miguu kufuata alama za matairi. Mwinjilisti alimwangalia akipungua hadi akawa nukta. Angeweza kumwita bado, na hakumwita.

"Omba basi," shangazi alisema, akiwa kivulini chini ya gari.

Akaanza. "Ee Baba mwenye rehema..." Hakuweza kuendelea. Yeye aliyekuwa akiomba nusu saa bila kumeza mate sasa hakuwa na sentensi ya pili. Aliona aibu ikimpanda shingoni, kali kuliko jua.

"Mungu amekuacha?" shangazi aliuliza.

"Sijui, shangazi. Simsikii."

"Yeye hajaondoka mahali pake. Wewe ndiye unajificha. Nimekulea, nakujua ukiiba sukari."

Saa saba ikapita, dereva hajarudi. Mwinjilisti akaiacha chupa nzima mikononi mwa bibi, akabeba ile nusu iliyobaki, akaingia juani. Mchanga ulichoma nyayo kupitia soli. Midomo ilipasuka, akaonja damu. Alipofika korongoni alimkuta dereva chini kabisa kati ya mawe, kifundo cha mguu kimevimba na goti limechanika, bado anajikokota kutazama nyuma ya kila mwamba.

"Sijaliona," dereva alisema kwa sauti iliyokauka. "Nisamehe, mtumishi. Nitawaua kwa uzembe wangu."

Mwinjilisti akapiga magoti kwenye mawe.

"Hutaliona. Liko nyuma ya jiko la kanisa. Mimi ndiye niliyelishusha, nipate nafasi ya mimbari. Nikakuzuia usikague, nikakuacha uje huku."

Dereva alinyoosha mkono. Hakutukana, na hilo liliuma zaidi.

"Nipe maji," alisema. "Halafu nibebe."

Akambeba mgongoni. Kila hatua mia alimweka chini, akatapika hewa tupu, akambeba tena. Njiani sala ilimrudia, fupi, haina pambo: Bwana, usiniache. Usimwache huyu. Alisema hayo hayo mpaka jua likaanza kuinama, na hakuhitaji mengine.

Walipofika garini hakupumzika. Alichukua shoka la dereva, akaivunja mimbari vipande, msalaba na vyote. Juu yake akatupa tairi la akiba, akamwaga oili chafu, akawasha. Moshi mweusi ukapanda wima. Shangazi alimnywesha dereva funda moja moja, akamfunga goti kwa kitambaa chake cha kichwa. Aliitazama mimbari ikiungua, akatikisa kichwa; alikuwa ameshaelewa pipa lilikokwenda.

Mafundi wa barabara waliuona moshi kutoka kambini kwao. Wakaja na gari la maji kabla jua halijazama. Mwinjilisti alikunywa mwisho.

Jumapili kanisa jipya lilijaa. Mahali pa mimbari palikuwa sakafu tupu. Mzee wa kanisa akasimama, macho yamelengalenga. "Wapendwa, tazameni maajabu! Mungu alijua maji yatapotea, ndiyo maana akampa mtumishi wake mbao za kuchoma!"

"Amina!" kanisa likaitika kwa kishindo.

Ushuhuda ulikuwa mtamu, tena umeshaandaliwa. Ilibaki mwinjilisti aupokee tu. Shangazi alikuwa safu ya mbele, dereva benchi la nyuma, mguu umefungwa bendeji. Alikuwa hajamwambia mtu.

Mwinjilisti akasimama kwenye ile sakafu tupu. Hakuwa na mbao za kujificha nyuma yake.

"Maji hayakupotea," alisema. "Niliyaacha mimi, kwa mikono yangu. Halafu nikanyamaza, ndugu yetu yule akaenda kuyatafuta."

Watu waliangalia chini, mzee wa kanisa akakaa polepole. Kisha kutoka safu ya mbele sauti moja ya kikongwe ikapanda, kubwa, haina haya:

"Amina. Haya, endelea."