Seli Zilizoibwa Ruring'u

Kabati la joto lilikuwa wazi na tupu. Kufuli halikuvunjwa.

Inspekta Kinya wa idara ya upelelezi, Nyeri, alisimama mbele yake mikono mifukoni. Julai ya huku haina huruma, na maabara yenyewe, nyumba ya kukodi pale Ruring'u, ilikuwa baridi kama kisima.

"Kumeibwa nini hasa, Daktari?"

"Trei moja," akajibu Daktari Jethro Mbae, mwenye maabara. "Iko na seli za ngozi ya binadamu. Tunazikuza humo kwa joto la mwili."

"Za kazi gani?"

Mbae akamwonyesha bandiko dogo kama stempu. Ukilibandika mkononi, linapima sukari kwa jasho, bila sindano. Lakini gundi yake lazima ijaribiwe kwanza kwa zile seli. Zikiishi, gundi ni salama. Zikifa, gundi itakula ngozi ya mtu. Na kesho yake watoto wenye kisukari kule Wang'uru walikuwa wabandikwe.

"Seli za hiyo trei ziliishi?"

"Sikuwa nimeangalia." Akajikuna mkono wa kushoto juu ya koti. Tangu Kinya aingie, mtu huyu hakuwa ameketi wala kutulia.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na Lynn, fundi wangu. Na ati leo ni mgonjwa."

Lynn Wacera aliishi chumba kimoja nyuma ya uwanja wa michezo. Alifungua mlango kabla Kinya na konstebo wake hawajabisha. Mgonjwa gani huyo, Kinya akajiuliza.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Hapa, Afande. Nikilisha kuku."

Konstebo Kihara akapekua chumba: kitanda, sufuria, masanduku. Hakuna kitu. Mbae, aliyewafuata kwa gari lake bila kuombwa, alizunguka uani akichungulia kila mahali.

Kinya naye alikuwa akitazama kuku. Vifaranga wa Lynn walikuwa wameota manyoya na wanachakura matopeni bila wasiwasi. Lakini ndani ya kibanda chao taa ya joto ilikuwa inawaka.

Mama yake Kinya alifuga kuku Meru maisha yake yote. Mtoto aliyesahau kuizima taa kama ile alikiona cha mtema kuni.

"Lynn, hawa wako na manyoya tayari. Taa unamwashia nani na stima ilivyo ghali?"

Msichana akainama. Machozi yakamtoka.

Trei ilikuwa chini ya taa, imefunikwa kitambaa safi.

"Nimeiba, Afande. Sikatai. Zenye gundi zimekufa, zisizo na gundi ziko hai. Nilimwonyesha Daktari. Akaniambia nimwage, tuseme hatukupima. Bila hii, nani angeniamini mimi?"

"Muongo!" Mbae akafoka. "Afande, hiyo sasa ni kielelezo. Ipelekwe stoo ya kituo, ifungiwe. Sheria iko hivyo."

Kinya akamgeukia polepole. Miaka yote ya kazi, kila aliyeibiwa alimlilia amrudishie mali yake papo hapo. Huyu alitaka yake ifungiwe stoo, ambako hata panya wangehitaji sweta.

"Zikipata baridi zitakuwaje?"

Mbae akajikuna tena.

"Zitakufa zote," Lynn akasema. "Hata hizi nzima. Hapo hakuna mtu atajua ni gundi iliua."

"Daktari, vua koti."

"Ya nini?"

"Unajikuna tangu asubuhi. Vua."

Alivua. Kihara akaguna. Kwenye mkono wa kushoto, mahali penye ukubwa wa bandiko moja, ngozi ilikuwa imechunika na inatoa maji.

"Ulijua," Kinya akasema.

"Nilijua." Mbae akajiketisha kwenye ndoo, mara ya kwanza kutulia siku hiyo. "Wafadhili wanakuja Wang'uru kesho. Nikiahirisha, mradi unafungwa. Nilisema gundi nitarekebisha baadaye. Niko na msichana mdogo, Kajuju. Yuko na kisukari. Kila siku anadungwa vidole, analia. Nilimwahidi nitamtengenezea kitu kisichouma. Ni yeye tu, Afande. Yote ni kwa ajili yake."

Kinya alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa. Ndipo swali likamjia.

"Ushawahi kumbandika?"

Mbae akatazama matope. Vifaranga walikuwa wakidonoa kamba za viatu vyake.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ngozi yake ni laini sana."

"Na ya wale wa Wang'uru?"

Mbae akalifunika lile jeraha kwa kiganja. Hasira ilimpanda Kinya, akamwashiria Kihara kwa kichwa tu. Pingu zikalia.

Kisha akafungua koti lake, akaikumbatia trei tumboni, akaagiza hita ya gari iwashwe.

"Lynn, panda mbele. Twende kwa mtu mwenye darubini kabla hazijapoa."